Mkebe Uliorudi Umejaa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mkebe umerudi umejaa. Mkebe wa chakula cha shule, wote! Mkate, kuku, karoti, tofaa. Nimeligeuza tofaa kila upande. Halina hata alama ya jino.

Mke wangu yuko kwenye mafunzo ya kazi, mji mwingine, wiki mbili. Ameniachia mtoto mmoja wa miaka saba na orodha ya vyakula iliyobandikwa jikoni. Orodha ya kuchosha. Nyanya, ndizi, maharage yaliyoiva sana. Nimeibandua. Nyanya zinalowesha mkate, na mimi ni mchoraji wa mabango, najua kinachovuta jicho la mtu.

Saa kumi na moja jioni mama mkwe akapiga simu. Habari za mkebe zilikwishamfikia. Kwa sauti ya upole, ile ninayoiogopa, akasema atasubiri mpaka Ijumaa. Kama mjukuu wake bado hali, atakuja kumchukua akae kwake hadi mama yake arudi.

Nyumba hii bila Chiriku! Tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Ingawa siku hizi amenyamaza, anajibu kwa kichwa. Anamkumbuka mama yake, bila shaka.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeamka alfajiri na mpango. Yai la kuchemsha nimelichonga uso. Macho ya pilipili manga, nywele za karoti, mdomo wa ganda la tango. Mkate nimeukata umbo la tembo, masikio na mkonga. Saa nzima imekwenda. Chiriku aliangalia ndani ya mkebe akaziba mdomo kwa mkono. Furaha hiyo, nikasema moyoni.

Mkebe umerudi umejaa. Yai limelazwa kifudifudi. Nimemuuliza kulikoni. Amesema kupitia vidole kwamba lilikuwa linamtazama.

Nje nikamkuta Baba Pacha, yule fundi cherehani wa mlango wa pili. Ndiye aliyempelekea mama mkwe umbea, nakata kidole. Alikuwa anakung'uta mikebe ya pacha wake, mitupu yote miwili. Kaikung'uta mara tatu ili nione vizuri. Nikajishusha, nikamuuliza siri yake. Akasema hana siri, huwa anawauliza wanataka nini.

Mchoyo mkubwa. Hataki kusema.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Rangi! Nilikuwa nimesahau rangi, mimi mwenyewe mtu wa rangi. Leo nimepika wali kwa maji ya bitiruti, ukatoka mwekundu unaong'aa. Juu nikapanga vipande vya bitiruti na kabichi mbichi. Afya tupu. Nikafunga mkebe nikaenda karakanani kwangu nikipiga mluzi.

Nina kazi ya bango la daktari wa meno. Mdomo mkubwa unaocheka, meno yote nje. Nilikuwa kwenye jino la kumi na nane simu ikalia. Mwalimu wa Chiriku. Akaniambia nije haraka, mkoba wa mtoto unatoka damu.

Sikuvua hata aproni. Nimekimbia mitaa minne. Getini mlinzi akanitazama mikono, na mimi nikaitazama. Nilikuwa nachora fizi. Nyekundu mpaka kwenye viwiko! Akafunga geti akapuliza filimbi. Nilijieleza kupitia matundu ya geti kwa robo saa, nikiwaambia walimu watano kwamba ni bitiruti, si damu, na mikononi ni rangi, si bitiruti. Kila nilipoeleza walirudi nyuma hatua moja.

Daftari la hesabu limeharibika. Wali haukuliwa.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Leo mwalimu ameandika kwenye daftari la taarifa: "Mzazi, nimezungumza na mtoto kuhusu chakula. Anasema anataka nyanya."

Nimesoma mara nne. Nikakaa juu ya ndoo ya rangi, na ndoo ilikuwa wazi.

Anataka nyanya! Siku tatu naamka kabla ya jogoo, nachonga, napaka, napamba, kumbe mtoto anamtaka bibi yake. Na hakuniambia mimi. Amemwambia mwalimu.

Jioni nimemuuliza taratibu kama ni kweli anataka nyanya. Akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu. Tangu lini? Tangu mama alipoondoka. Nikamuuliza kama baba hatoshi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la darasa la juu.

Nimempigia mama mkwe mwenyewe. Nimemwambia nimeshindwa, aje amchukue. Hata yeye alishtuka, akauliza kama naumwa. Kisha nikafungua sanduku. Magauni manne, sweta, viatu, mswaki. Nilipofika kwenye mswaki nikalia. Sioni aibu kuandika.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mshtuko wa mwaka.

Mama mkwe alifika saa tisa alasiri, sawia na Chiriku kutoka shule. Mtoto akaliona sanduku mlangoni, akauliza nani anasafiri. Nikajikaza nikamwambia ni yeye, anakwenda kwa nyanya kama alivyotaka.

Chiriku akaangua kilio. Nyanya za kula, akasema. Nyanya zile za mama, za kukata, laini! Hataki kuhama.

Sikusikia mengine, kwa sababu alikuwa analia mdomo wazi na mimi nilikuwa naangalia ndani. Meno mawili ya juu hayapo. Mbele kabisa! Mawili ya chini yanacheza kama vitasa vya mlango mbovu. Karoti, tofaa, kabichi mbichi, vyote nilimpa mtu asiye na cha kung'atia. Pacha walimcheka, akasema kwa kwikwi, ndiyo maana alikuwa anaziba mdomo.

Mama mkwe akaniuliza yalitoka lini. Mimi niliyechora meno thelathini na mawili wiki hii, na kuyahesabu, nikaanza kuhesabu siku kwa vidole nikapotea. Nilitamani anifokee. Hakunifokea. Alifungua sanduku akarudisha magauni kabatini moja moja. Kisha akaingiza mfuko wake kutoka barazani. Hamchukui mtoto, akasema. Atabaki yeye.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Mkebe mtupu! Umelambwa!

Mama mkwe alitia nyanya za kukata, ndizi, maharage laini na mkate usio na kingo. Mimi nilibandika tu picha ndogo juu ya kifuniko, kidole gumba kimesimama. Na mkebe umerudi mtupu siku hiyohiyo niliyobandika. Mtu mwenye akili ataona mwenyewe kilichofanya kazi. Mama mkwe nilipomweleza alifumba macho. Amechoka, umri.

Chiriku ameanza tena kuongea, tangu alfajiri hadi sasa, kwa mdomo wake wa kibogoyo, mate yanaruka mezani. Anabaki hapa. Nina furaha ya kuvunja vyombo.

Nimemwandikia mwalimu nikijitolea kuzungumza kwenye kikao cha wazazi Jumamosi. Mada: "Namna ya Kumsikiliza Mtoto." Nimemwagiza Baba Pacha akae mstari wa mbele na kalamu. Niko ukurasa wa sita na bado sijafika kwenye kiini.

Chiriku amekuja mara tatu ananivuta shati, ana jambo anataka kusema kuhusu mkebe wa kesho. Nimemwambia akacheze, baba anaandika.