Shule ya Usukani wa Mfuniko

Siku ile mjinga alikuwa Dokta Usukani mwenyewe. Tuseme hivyo mapema, maana yeye akiisimulia huanza mbali sana na kuishia kwenye hali ya hewa.

Udokta alipewa kinyozini kwa sababu ya mdomo. Usukani alijipachika. Gari hakuwahi kuendesha maishani mwake. Chombo kikubwa kilichowahi kumtii ni toroli la mchanga, nalo lilimponyoka likaenda kugonga geti la watu. Lakini siku moja, akipita mbele ya ofisi ya leseni, aliona kitu ambacho wengine walikitazama tu. Kwenye foleni ya wanafunzi wapya, katikati ya vijana wanaotafuna ubani, alisimama baba mmoja wa makamo, amevaa suti, kichwa amekiinamisha kama mtu aliyefumaniwa. Dokta akaona mbele yake biashara nzima, tena imefunga tai.

"Watu wazima hawa," alijiambia, "watalipia chochote, mradi wasionekane wakijifunza."

Wiki haikuisha, shule ya Udereva wa Heshima ikazaliwa: masomo ya mtandaoni, leseni ya kwanza kwa watu wazima, faragha imehakikishwa. Mwanafunzi alijifungia chumbani, akaketi kitini, akashika mfuniko wa sufuria ndio usukani, akapanga kandambili tatu sakafuni: klachi, breki, mafuta. Dokta akaongoza kwa simu.

"Kata kona! Taratibu, baba, kuna mama anavuka... Umemkosa. Mshukuru Mungu, endelea."

Mhasibu mmoja alifunga breki kwa nguvu hadi akapinduka na kiti chake. Dokta akampa pole na somo la ziada kuhusu mkanda. Na hakuna aliyelalamika. Angelalamika nani, na angeanzia wapi kueleza, kwamba ametapeliwa akiwa amekumbatia mfuniko?

Ndipo akajiunga Mama Vyumba.

Huyu alikuwa mjane mwenye nyumba ya kupangisha juu ya mteremko, na ubahili wake ulijulikana mtaa mzima: balbu ya ukumbini aliifungua mwenyewe kila asubuhi, akaitia mkobani. Shule za kweli zilimkera kwa kudai hela ya mafuta. Kwa Dokta mafuta yalikuwa kandambili, akafurahi. Somo la pili akataja, hivihivi tu, kwamba marehemu alimwachia gari, limelala uani chini ya turubai.

Moyo wa Dokta ulibadili gia bila klachi. Gari! Akilipata hilo, kwaheri mifuniko. Analiuza, anahama mji, anakuwa mtu mwingine mwenye kiyoyozi.

"Nina swali, mwalimu," Mama Vyumba alisema. "Injini nzima nitaijuaje?"

"Kwa ukimya, mama. Injini nzuri husikii kitu. Ukisikia inanguruma, jua hiyo inakata roho."

Upande wa pili mfuniko ukawekwa chini.

"Kumbe," akasema mama. "Ahsante, mwanangu. Leo nimesoma kweli."

Haikuchukua muda Dokta akamweleza kwamba kabla ya mtihani wa mwisho gari lenyewe lazima liende shuleni, likafungwe kifaa cha kuliunganisha na mtandao. Alitegemea ubishi. Mama akasema, "Njoo ulichukue." Dokta akamsimamisha dalali wa magari chini ya mteremko, kisha akapanda kwa Mama Vyumba amevaa miwani ya jua na glavu.

Gari lilikuwa limeoshwa, linang'aa, pua imeelekea getini. Mama akampa ufunguo, halafu akabaki na mkono wazi.

"Sasa mwalimu, gari langu unakwenda nalo. Mimi nabaki na nini? Niachie simu ya shule, iwe amana."

"Simu, mama? Wanafunzi wangu wote wamo humo."

"Na marehemu wangu yumo humu."

Dokta akapima: simu kwa gari. Mwanamke huyu, akajiambia kwa huruma, ni wa kuombewa. Akampa simu, na namba ya siri juu, ili asikose vipindi.

Alipoketi nyuma ya usukani ndipo jasho likamtoka. Hakujua gari linawashwaje. Akiharibu hapa, mbele ya mwanafunzi wake, kila kitu kimekwisha. Akatazama chini kutafuta kandambili.

"Usiwashe!" mama akamnong'oneza dirishani. "Mpangaji wa chumba cha mwisho amejifungua, mtoto ndiyo kwanza amelala. Achia tu breki ya mkono, mteremko utakushusha."

Kama si heshima angembusu. Akaachia, na gari likateremka.

Likateremka kimya! Hakuna mngurumo, hakuna mtikisiko. Dokta akakata kona ya kwanza, akapungia mkono muuza matunda, akamkemea mwendesha baiskeli kwa kutojua sheria. "Kumbe naweza," akasema, na machozi kidogo yakamlenga. "Miaka yote hii nilikuwa dereva, sikujua tu."

Palipokwisha mteremko, gari nalo likakwisha. Akazungusha ufunguo. Kimya.

"Unasikia injini hiyo?" akamwambia dalali kwa fahari.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo uzuri wake!"

Dalali akafungua boneti, akachungulia, akaingiza mkono mpaka begani. Mle ndani mlikuwa mtupu. Mtu mzima angeweza kujikunja akalala.

"Hili gari nalijua," dalali akasema. "Injini yake marehemu alimuuzia mwenye mashine ya kusaga. Inasaga hadi leo. Kaka, umelileta hapa kwa kutumia nini?"

Dokta alipanda mteremko kwa miguu, glavu mkononi. Pale gari lilipolala palikuwa pamefagiliwa, na kibao kimetundikwa: *Maegesho, yanapangishwa.* Barazani, Mama Vyumba ameketi, simu sikioni.

"Kata kona, baba mhasibu! Taratibu, kuna mama anavuka... Umemkosa. Hela ya somo uitume namba yangu mpya."

"Mama! Nirudishie simu yangu!"

"Na wewe nirudishie gari langu, hapo lilipokuwa," mama akasema, kiganja kimefunika simu. "Lisukume tu, ni mlima mdogo."

"Nitakwenda polisi!"

"Twende wote. Utaanza kueleza wewe, au nianze mimi?"

Dokta alihema. Akatafuta neno la mwisho, lile la kumkata mtu maini, akalipata, akalirusha kwa nguvu zake zote hadi mtoto wa chumba cha mwisho akaamka.

"Mama, lile gari halina injini!"

Mama Vyumba akarudisha simu sikioni.

"Na shule yako ilikuwa na gari?"