Ombi la Mpima Pamba Kuhusu Tume ya Kitanzi

Soko la Pamba,
Mhunze, Shinyanga.
Jumanne, 14 Agosti 1951.

Kwa Mheshimiwa Bwana Gavana, Dar es Salaam.
Kwa mkono wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, Shinyanga (naomba asiifungue).

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio nyumbani mwako. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mmoja, naye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mimi ni mpima pamba. Kwa miaka kumi na mmoja nimesimama kwenye mizani ya Mhunze, na hakuna mkulima aliyewahi kusema nimempunja hata nusu ratili, isipokuwa wale waliosema, na hao niliwapimia tena wakanyamaza. Nimesoma gazetini kwamba kwenu Uingereza Mfalme ameunda tume ya kuchunguza adhabu ya kunyonga watu. Nimefurahi sana. Nashangaa tu kwamba kitanzi kilitufikia mapema, lakini tume bado haijafika. Labda imekwama kwenye behewa pale stesheni ya Isaka. Naomba nasi tuundiwe tume yetu, tena upesi, kwa sababu Jilala, mkulima wa hapa hapa Mhunze, amehukumiwa kunyongwa, na ombi lake la huruma liko mezani kwako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkulima asiporidhika, anaruhusiwa kudai gunia lake lipimwe mara ya pili. Mimi hulitundika, husubiri mshale wa mizani utulie kabisa, ndipo hutamka ratili. Jilala alipimwa mahakamani mara moja tu, kabla ya chakula cha mchana. Maana yake gunia la pamba chafu lina haki kumshinda yeye.

2. Tangu ilipotoka amri ya kupunguza mifugo, ng'ombe haondolewi zizini mpaka bwana mifugo amkague meno, kwato na mkia. Ng'ombe wangu mzee alikaguliwa siku mbili nzima, akaonewa huruma, na mpaka leo yuko hai na hana faida yoyote. Jilala hakukaguliwa hata jino.

3. Jirani yake Jilala alikutwa ameuawa mpakani mwa mashamba yao, na panga la Jilala lilikuwa na damu. Mahakamani Jilala alijieleza kwa Kisukuma kwa muda ambao mimi ningepima magunia sita. Alisema damu ile ni ya mbuzi aliyewachinjia wageni, akawataja wageni mmoja mmoja, akasema na ngozi ipo. Mkalimani akamgeukia Bwana Jaji akasema, "Anakataa." Ngozi yenyewe alikuwa nayo Klara, mke wa Jilala, ameketi nje mlangoni ameikunja mapajani. Hakuitwa.

4. Wazee wa baraza walikuwa watatu, wakaulizwa maoni yao. Mzee Muhidini mwenye duka akasema hana hatia. Mzee Sabiti akasema hana hatia. Mzee wa tatu, ambaye jina lake nalisitiri kwa heshima ya ukoo wake, lori la kumrudisha kwao lilikuwa limekwisha piga honi mara mbili. Akasema, "Ana hatia, Bwana Mkubwa," huku kofia iko mkononi. Bwana Jaji akawashukuru wote watatu, akasema anakubaliana na yule wa tatu. Mheshimiwa, mtu yule ni mjinga, na nasema hivi kwa hasira. Sijui ugali unampitaje kooni.

5. Huko jela nasikia wanamlisha vizuri na kumpa kwinini, ili afe akiwa na afya. Tena wanampima uzito ili wajue urefu wa kamba. Nauliza kama mtu wa kazi hiyo: nani huikagua mizani ile? Yangu hukaguliwa kila mwaka na kugongwa muhuri.

Kwa hiyo naomba tume ya watu saba. Kwa kuwa walionyongwa hawawezi kuja kutoa ushahidi, makamishna wenyewe wahukumiwe kifo kwa miezi mitatu, kwa majaribio, kila mmoja chumbani mwake akisikiliza funguo za askari. Wasiambiwe kwamba ni majaribio, maana wakijua hawatachunguza kwa makini. Atakayetoka akiwa bado anaona kunyonga ni haki, huyo aandike ripoti. Mwenyekiti niwe mimi, kwa uzoefu wangu wa mizani. Yule mzee wa tatu asipewe hata kazi ya kufagia chumba cha mkutano.

Nisalimie Mama Gavana, watoto, mpishi, na karani atakayeisoma barua hii kabla yako. Mkalimani naye nisalimie, kwa kifupi. Klara anakusalimu. Kila Jumatano huniletea pamba yake, hunipa shikamoo, wala hajadai hata mara moja kupimiwa tena. Ananiamini.

Ni mimi, niliye kazini kwangu kwa utii wote,
Valerian Mageni,
Mpima Pamba.

Nyongeza: Bahasha nilikwisha kuifunga, nikaifungua tena. Mzee wa tatu ni mimi. Nilipokimbilia lori ilinibidi niiruke miguu ya Klara pale mlangoni. Ngozi niliiona, ya mbuzi kweli, nami nikapanda lori. Yeye hajui nilisema nini mle ndani. Tume usiunde, Mheshimiwa. Tume huchukua miaka, na Jilala hana miaka. Niite mimi tu, niulizwe mara ya pili, kwa sababu siku ile nilitamka kabla mshale haujatulia. Nakuomba sana. Kesho ni Jumatano, na Klara atakuja na gunia lake.