Mamlaka ya Maman Yolande

Alhamisi, 7 Mei

Jumamosi naenda kumposa Francine kwa baba yake, ng'ambo ya mto Ruzizi. Muzee anapenda dende, hawa simbilisi tunaofuga jikoni. Nimenunua watatu soko la Nyantende, wanono. Mnyama havuki bila cheti cha daktari wa mifugo. Cheti kinataka kusubiri, na Xavier, yule fundi wa nguo, naye anamtaka Francine. Nitawaficha ndani ya koti.

Ijumaa, 8 Mei

Nimejaribu kuwavusha leo, niwaache kwa shangazi ng'ambo. Ofisi ya mpaka iko upande wetu, ila maofisa wa nchi zote mbili wanakaa humo. Nilipofika kwa Maman Yolande, ofisa wa ng'ambo, dende wakapiga miluzi. Wote watatu.

Akaniomba nifungue koti. Nikamwambia hapa ni Congo, yeye ni mgeni, hana ruhusa hata ya kugusa kifungo changu. Hakukasirika.

"Papa Anaclet, udongo ni wenu. Lakini nchi zetu zimekubaliana: ndani ya nyumba hii ninatumia sheria ya kwetu. Nikitoka ule mlango, mimi ni mama tu anayeenda sokoni."

Mwanamke anayejua nguvu zake zinapoishia! Nikatoka mlango ule haraka. Kweli hakunifuata. Nikasimama uani, mtu huru, mvua ikininyeshea. Kisha nikakumbuka njia ya darajani inapita ndani.

Nikamwendea binamu yangu Jean-Marie, ofisa wetu, amfukuze. Akasema hawezi: Yolande yuko kazini kihalali, na hata angenikamata, angenikabidhi kwake yeye Jean-Marie, naye angenifunga kwa furaha.

Maman Yolande ndiye aliyenionyesha chumba cha daktari. Daktari akasema nirudi kesho.

Jumamosi, 9 Mei

Cheti nimepata. Maman Yolande akakisoma, akagonga muhuri, akanitakia ndoa njema. Xavier alikuwa kwenye benchi la ofisi na kuku wawili wasio na cheti, akimwambia Maman Yolande kuwa hapa ni Congo. Nilimwonea huruma kidogo sana.

Muzee amekubali! Francine akacheka, halafu akalia. Mimi pia.

Jumapili, 10 Mei

Baba mkwe amenipa mwana-mbuzi nimpelekee mama yangu. Bila cheti, na daktari hafanyi kazi leo. Nimefikiri sana. Francine ana kitenge cha kubebea watoto na kofia ya sufu. Mbuzi amelala. Maman Yolande ana heshima kubwa, hawezi kumfunua mtoto wa watu usingizini.

Tunaondoka sasa.