Kahawa Nyeusi kwa Ajili ya Kadi

Jumatatu, 1 Machi 1954. Élisabethville.

Habari kubwa! Tume ya kadi inapita mtaani kwetu Ijumaa. Ile kadi ya mtu mstaarabu, inayomwezesha mtu mweusi kutembea mjini usiku bila polisi kumuuliza anatoka wapi. Lazima niipate. Baba mkwe wangu, mzee Numbi wa Kilwa, kule ziwani, nimekwisha kumwambia kwamba ninayo. Kwa furaha alituletea kikapu cha samaki wakavu. Samaki tumekula. Wiki ijayo anakuja kuiona kadi yenyewe.

Tume hukagua nyumba: rido za madirishani, uma, choo. Lakini uma hata jirani yangu Adalbert anazo, na yeye ni mnywaji wa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi cha kijijini. Mimi nitamshinda kwa kahawa. Nyeusi, bila sukari, nikinywa pamoja na wageni bila kukunja uso, kama wazungu wa ofisini. Nimeanza mazoezi jioni hii. Uso umejikunja wenyewe. Mke wangu Victorine amecheka mpaka akashika ukuta.

Jumanne, 2 Machi.

Usingizi sikuupata. Victorine alikoroma kwa raha zake, mimi nikatazama bati. Si hoja. Mstaarabu ana mengi ya kufikiri.

Kazini, kwenye bohari ya reli ambako mimi ni karani, nimeandika chumvi mahali pa saruji. Mkubwa wangu amesema maneno ambayo siyaweki hapa. Nikapita kwa Mulenga, muuguzi wa zahanati. Alinishika mkono, akasikiliza mapigo, akauliza nimekunywa nini. Nikamweleza kwa fahari.

— Kawa unakunywa mangaribi, usiku ingali mu damu, akasema. Kunywa asubuhi, kikombe moja, basi. Moyo yako iko inakimbia bure.

Wivu mtupu. Mulenga hana kadi.

Jumatano ya Majivu, 3 Machi.

Kufunga. Padri ametueleza kwamba kinywaji hakivunji mfungo. Kumbe! Siku nzima ya mazoezi, tena kwa ruhusa ya Kanisa! Nimekunywa kahawa juu ya tumbo tupu tangu misa. Tumbo linaungua. Jasho limeshusha majivu ya paji la uso mpaka machoni, machozi yakanitoka, na mama Chileshe wa kwaya amewaambia watu hajapata kuona mwanamume anayetubu vile.

Ila uso haukunjiki tena. Ushindi!

Alhamisi, 4 Machi.

Sijalala. Asubuhi nimevua kofia na kumsalimu Adalbert kwa Kifaransa safi. Kumbe alikuwa mbuzi wake.

Adalbert mwenyewe akatokea, akauliza kwa upole kama ninaumwa. Nikamuuliza kesho atawapa wageni nini. Eti munkoyo, mke wake Albertine ameshaupika. Nilimhurumia kweli, maskini. Victorine amenisihi nilale na niiache birika. Nimemjibu kwamba mwanajeshi haweki bunduki chini siku moja kabla ya vita.

Ijumaa, 5 Machi.

Wamekuja alasiri: bwana mkubwa wa tume, na mama mmoja mzungu wa foyer, ile shule ya wanawake ya mambo ya nyumbani. Rido safi. Uma safi. Choo, wamesema kizuri! Nikamimina kahawa, nusu kikombeni, nusu kwenye sahani.

Bwana mkubwa akakisukuma kikombe taratibu.

— Hapana, asante. Docteur alinikataza. Nikikunywa kawa mangaribi, silali.

Mama naye akakataa. Nilisikia damu ikinipanda usoni kwa aibu. Vikombe vitatu vimebaki na kahawa, na mstaarabu hamwagi kitu. Nikavinywa vyote, uso umenyooka. Kisha nikakaa kwenye kiti cha mikono nijibu maswali kuhusu tabia yangu.

Swali la kwanza sikulisikia. Nilipofumbua macho, viti vyao vitupu, jua linazama. Victorine akasema nimewakoromea wageni, na kwamba aliona haya mpaka akajificha jikoni. Ng'ambo ya ua nilisikia kicheko. Walikuwa kwa Adalbert, bwana mkubwa akiomba munkoyo mwingine, kwa kuwa huo haumnyimi mtu usingizi.

Jumapili, 7 Machi.

Adalbert atapewa kadi. Mimi nimeambiwa nipumzike, nijaribu mwaka kesho. Baba mkwe anafika Jumanne. Victorine ametaka nimwambie ukweli, na amelia kidogo. Imeniuma. Nimeapa mbele yake: Kwaresima yote, kahawa sigusi. Baada ya misa hata Mulenga amenipa mkono.

Kwa hiyo nimehamia kwenye chai. Kavu, nyeusi sana, kama Waingereza wa Rhodesia. Mgeni gani atakataa chai? Nimeanza mazoezi jioni, birika nzima, kwa amani ya moyo.

Victorine amelala zamani. Mimi macho makavu, moyo unakimbia. Kesho nitamwambia Adalbert amfunge mbuzi wake mbali. Kelele zake za usiku ndizo zilizoniharibia wiki hii yote.