Gari la Milango Miwili kwa Cherehani Moja

Jumatatu, 4 Machi

Sasa hivi mwanangu amemeza kifungo cha sare ya mteja. Amemeza, akacheka, akaomba kingine! Nimempigapiga mgongoni, wapi. Bibi yake anasema tusubiri, kitatoka chenyewe.

Basi nasubiri huku naandika. Leo nimeona gari. La Kijapani, la spoti, milango miwili, umri linanizidi mimi. Jekundu! Mwenyewe hataki pesa. Anataka cherehani yangu, eti mkewe ajifunze kushona. Nitabeba maharusi. Kwa sasa wifi yangu ndiye anayewabeba mtaa mzima kwa kale kagari kake keupe, na mimi ananiita Bi Viraka. Atanyamaza. Marehemu mume wangu aliniachia vitu viwili, mtoto na mama mkwe. Wote wanakula. Kushona peke yake hakutoshi.

Jumanne, 5 Machi

Kifungo kimetoka. Mungu mkubwa. Nimekiosha, nimekishona mahali pake.

Nimekwenda kwa mjomba, fundi wa magari. Mgongo umemlaza, hawezi kuja kulikagua. Akaniambia, mwanangu, injini uikute baridi, wakiipasha kabla hujafika ujue wanaficha kitu. Upitishe sumaku kwenye bodi, isiposhika ujue chini ya rangi ni puti tupu ya kuzibia, si bati. Na zulia ulifunue. Nimeyaandika yote kiganjani.

Jumatano, 6 Machi

Nimelikagua! Injini nimeikuta ya moto. Muuzaji akasema ameipasha kwa heshima yangu, dada, asubuhi ina baridi. Mtu mstaarabu. Sumaku yangu ya kuokotea pini ikashika vizuri mbele. Nyuma ya mlango ikadondoka. Nikarudia, ikadondoka. Labda imechoka, inaokota pini tangu mwaka juzi.

Nikafunua zulia. Kuna mshono! Umekatiza sakafu yote, mlango huu hadi ule, umechomelewa. Nikaupitishia kidole. Jamani, mshono huo! Umenyooka kama wangu. Hapo mjomba hanifundishi kitu. Suruali iliyochanika ikaungwa na mkono mzuri inaishi kuliko mpya. Aliyeunga hapa hakuwa na haraka. Nikakubali palepale.

Walipoibeba cherehani, mwanangu akaipungia mkono. Nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Jumamosi, 9 Machi

Bibi harusi wangu wa kwanza. Kaka yake akaendesha, mimi nikafuata kwa miguu nimebeba gauni la akiba. Tuta la kwanza, salama. Tuta la pili, gari likakunjika katikati kama kitabu! Milango ikagoma. Bibi harusi analia ndani, wanja hadi kidevuni.

Mjomba akaletwa, yeye na mgongo wake, akaibandua milango kwa mtaimbo. Akainama akatazama chini. Halafu akasema haya ni magari mawili, mwanangu, yote yaligongwa, wakaunga nusu na nusu. Akasema nishukuru tuta, kwenye barabara kuu ningezika watu.

Wifi akapita polepole. Akashusha kioo, akauliza, nikuletee sindano, Bi Viraka? Bibi harusi akapanda kwake.

Nimekimbia kwa muuzaji. Chumba kitupu. Kimebaki kipande cha uzi sakafuni, wa cherehani yangu.

Jumapili, 10 Machi

Nashona kwa mkono. Vidole vimetoboka, sare zina madoa ya damu, wateja wawili wamechukua vitambaa vyao. Mwanangu amekunywa uji wa maji matupu. Hakulalamika. Hilo ndilo limeniuma.

Lakini! Kuna bwana mmoja nyuma ya gereji ana gari kama lile, la bluu. Halina mshono hata mmoja. Nimefunua zulia mwenyewe! Injini halina, ila nimewaza sana, gari lisilo na injini halina cha kuharibika. Maharusi tutawasukuma. Ni heshima zaidi. Anachotaka ni kitanda cha mbao tu. Anakuja kukichukua kesho, mama mkwe akiwa kliniki.

Ananiita. Nakuja, mama! Niandike tu nisisahau, mjomba asijue, wifi asijue, na mama mkwe hasa asijue kwamba kitanda anacholalia ndicho nilichokubali kukitoa kwa—