Kitanda cha Mama Mkwe

Jumatatu, 15 Desemba

Tumehamia. Vyumba vitatu! Miaka minane tumeishi chumba kimoja, mimi, mke wangu na cherehani, na leo nimepotea nikitafuta choo. Swichi ya sebuleni inawasha taa ya bafuni. Ya bafuni haiwashi kitu. Maboksi kumi na saba, yote nimeyaandika kwa mkono wangu: MENGINEYO. Mke wangu kauliza birika liko wapi. Nimemwambia limo kwenye Mengineyo. Chai tumechemshia kwenye sufuria kubwa.

Chumba cha tatu ni cha mama mkwe. Anakuja Jumatatu ijayo kula sikukuu. Hajawahi kulala kwetu hata siku moja, angelala wapi? Kila mwaka hufikia kwa binti yake mkubwa, yaani kwa mwanyumba wangu, yule wanayemwita Bwana Tayari kwa sababu chochote utakachomwomba anacho tayari. Mwaka jana tuliporudi kutoka kwao, mke wangu aliosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Nilipomuuliza akasema anataka mara moja tu amwone mama yake akiamka ndani ya nyumba yake. Basi. Hakusema tena. Ndiyo maana tumehama.

Nimemwapia kwamba kitanda kitakuwepo. Kanijibu nisiape, nilete kitanda. Godoro kashanunua. Lakini magoti ya mama yake hayataki kusikia habari ya kulala chini.

Jioni Bwana Tayari kapiga simu. Ana kitanda cha ziada, kesho anaweza kukileta. Nimemshukuru sana, nikamwambia changu kimeshatengenezwa.

Sijui maneno yale yalitoka wapi.

Jumanne, 16 Desemba

Nimempata seremala! Yuko pembeni tu mwa mtaa huu mpya, penseli sikioni, mtu wa kuaminika kwa sura. Aliona futi ya kupimia shingoni mwangu akaniita fundi kabla sijafungua mdomo. Kumbe naye ana shida. Jumanne ijayo saa nane mchana anakwenda ukweni kujitambulisha na hana suti. Kitambaa anacho, cha kijivu, kizuri kweli.

Tumeelewana palepale. Kitanda kwa suti. Kila mtu na kazi yake, Jumamosi asubuhi tunabadilishana. Nimempima. Amebana pumzi nilipofika kiunoni, na mimi kwa heshima sikusema neno. Naye kachora kitanda juu ya kipande cha ubao. Kina miguu mitano kwenye mchoro, lakini kasema mmoja ni kivuli.

Ahadi ni deni, kasema. Nimemwitikia kwa nguvu zote.

Nimemwambia mke wangu kitanda kiko jikoni, yaani kinapikwa. Hakucheka.

Jumatano, 17 Desemba

Siku mbaya kazini. Wiki ya sikukuu, kila mtu kakumbuka kuwa yuko uchi. Mwalimu wa hesabu kaja kufuata gauni lake. Nimemwambia bado vifungo tu. Kauliza gauni lenyewe liko wapi, nikamwonyesha gauni la mtu mwingine kwa mbali. Muuza duka kaja. Bado vifungo tu. Mlinzi wa benki kaja kwa ajili ya koti lake. Hilo ni kweli limebakia vifungo! Nimeona fahari mpaka machozi yakanilengalenga.

Suti ya seremala sijaianza. Kwanza mkasi mkubwa umo kwenye Mengineyo, sijui boksi lipi. Pili, nimefikiri kwa makini. Nikimaliza suti kabla yeye hajamaliza kitanda, ataichukua na kunizungusha hadi mwaka mpya. Nawajua mafundi. Mimi mwenyewe ni fundi. Mwenye akili husubiri mwenzake aanze.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimempitia seremala, kama mpita njia tu. Kanionyesha rundo la mbao akasema ndicho kitanda changu, bado kuunganisha tu. Nimezitazama. Zilikuwa na bawaba. Kitanda gani kina bawaba? Ule ulikuwa mlango wa mtu!

Nimerudi na hasira. Yaani mtu mzima unamdanganya mtu mzima mwenzako kwa mali ya mtu wa tatu?

Mchana kaja yeye kwangu, kama mpita njia tu, kuulizia suti. Nimemvalisha koti la mlinzi wa benki. Kasema mikono mirefu. Nimemwambia itapunguzwa. Kasema kitambaa chake kilikuwa cha kijivu, mbona hiki cha bluu? Nimemwambia ni mwanga wa dukani. Kalivua. Halafu kaondoka polepole, akigeuka nyuma.

Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Lakini methali hiyo mimi hainihusu.

Ijumaa, 19 Desemba

Mke wangu kauliza asubuhi. Nimemwambia bado vanishi tu. Kaniuliza vanishi au vifungo. Ananijua mno, hilo ndilo tatizo la kuoa mtu mwerevu.

Bwana Tayari kapiga. Jumatatu atamleta mama mwenyewe kwa gari lake, na angependa kukiona hicho kitanda, kwa sababu yeye ni mpenzi wa mbao. Mpenzi wa mbao! Tangu lini? Nimemkaribisha kwa sauti nyembamba.

Nimekwenda kwa seremala na mbinu. Nimemwambia suti imekwisha, bado pasi tu, lakini haitoki dukani mpaka nikione kitanda kimeingia kwangu. Kanijibu kwamba kitanda kimekwisha, vanishi inakauka, lakini hakitoki karakana mpaka suti iwe mwilini mwake. Tumepeana mikono kwa kishindo. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Na wangu pia.

Jumamosi, 20 Desemba

Siku ya kubadilishana. Saa mbili nimemwona anakuja. Nikaingia chini ya meza ya kukatia. Nilikuwa nimemwomba jirani, mshona viatu, aseme nimekwenda msibani. Kasema, tena kwa huzuni nzuri. Kaongeza kuwa marehemu alikuwa shangazi yangu kipenzi. Seremala kanipa pole kupitia kwake. Nikiwa chini ya meza nilimpenda kidogo.

Saa tano nimejipa moyo nikaenda kwake. Karakana imefungwa. Mama anayeuza mkaa pale jirani kaniambia seremala yuko msibani. Amefiwa na shangazi.

Nimekaa juu ya gunia la mkaa. Nimeogopa kweli, si utani. Kesho kutwa.

Jumapili, 21 Desemba

Mke wangu kapiga pasi mashuka mapya. Meupe, yana ua moja dogo pembeni, kalidarizi mwenyewe siku ambazo nilidhani anashona vitambaa vya meza. Kayakunja, kayaweka sakafuni katikati ya chumba kitupu, mahali ambapo kitanda kitakaa. Halafu kafunga mlango taratibu, kama mtu aliyemlaza mtoto.

Nilitaka kumwambia ukweli. Nilifika mpaka jikoni. Kaniuliza kama nataka chai. Nimesema nataka.

Nimefungua maboksi tisa ya Mengineyo. Mkasi ulikuwa ndani ya birika. Angalau birika limepatikana.

Jumatatu, 22 Desemba

Siku ya aibu yangu. Naandika yote.

Wamefika saa nne. Nimetoa shikamoo mpaka kiuno kikauma. Mama mkwe alikuwa msimamizi wa wauguzi miaka thelathini. Akikutazama unahisi unapimwa homa. Bwana Tayari kauliza kitanda kabla hajakaa. Nimesema chumba kimefungwa kwa sababu ya harufu ya vanishi, ambayo si nzuri kwa kifua cha mtu mzima. Niliipanga sentensi hiyo siku mbili.

Mama mkwe kasogea mlangoni. Kanusa. Kaniambia, kwa upole, kwamba haisikii vanishi. Nimesema ni aina mpya isiyo na harufu. Kaniuliza sasa inadhuru kifua kwa njia gani.

Kanyoosha mkono. Nimempa ufunguo.

Godoro ukutani. Mashuka sakafuni. Ua lile dogo. Bwana Tayari kakohoa, kikohozi kimoja kifupi, ambacho nitakikumbuka hadi naingia kaburini. Nilimgeukia mke wangu nikijiandaa kwa maneno. Kaokota mashuka, kayapangusa vumbi ambalo halikuwepo, akamwambia mama yake aende tu kwa dada, atalala vizuri kule. Kamsindikiza mpaka garini kwa tabasamu. Kisha kaingia ndani akaanza kuosha vyombo.

Nimekimbia. Mtu wa umri wangu, ndala mguuni, mtaa mzima unatazama. Seremala nimemkuta juu ya benchi lake, kichwa mikononi. Nimepaza sauti. Naye kapaza. Nimemwita mwongo, kaniita mwongo. Nikamuuliza shangazi yake amezikwa wapi, akaniuliza wangu je. Hapo nikakaa kando yake. Kasema kwa sauti ya chini kwamba binti mwenyewe, mchumba wake, ana kaka wanne, na keshamwambia kuwa asipokuja amevaa kama mtu, wasisumbuane tena. Nikamweleza kuhusu mashuka.

Nimeibeba cherehani kichwani mpaka karakana. Hakuna aliyemwamini mwenzake kumaliza kwanza, kwa hiyo tumekaa uso kwa uso. Msumari mmoja, mshono mmoja. Alipokata mguu wa kitanda nilikata mguu wa suruali. Akisimama kunywa maji, nami nasimama. Mpaka jua linazama kitanda kilikuwa na chaga na suti ilikuwa na bitana. Sijawahi kufanya kazi hivi tangu nizaliwe. Tungeanza Jumanne ile, tungemaliza Jumatano ile. Hata yeye kaliona hilo.

Jumanne, 23 Desemba

Vanishi imepakwa saa tatu, vifungo vimewekwa saa tano. Suruali haikufunga kiunoni, kwa sababu ya ile pumzi aliyobana siku ya kupimwa. Nimemshauri akabane vilevile huko ukweni. Kaondoka akitembea kama aliyemeza fimbo, lakini koti lilikaa! Watu wa mtaani walimgeukia.

Kitanda kimeingia baada ya kung'oa mlango wa chumba. Mlango sasa uko sebuleni. Mke wangu kazunguka kitanda mara mbili, kakisukuma kwa goti, hakikulia. Hakunisifu. Kachukua simu, kaenda kumpigia mama yake nje, na nilisikia sauti yake ikipanda kama ya msichana.

Jumatano, 24 Desemba

Mama mkwe kaja. Bwana Tayari kamleta tena. Kakagua viungio vya kitanda kwa kidole, akatafuta neno baya, akakosa. Kaondoka bila kunywa chai. Ushindi!

Alhamisi, 25 Desemba

Nimeamka mapema nikamkuta mke wangu amesimama kwenye tundu la mlango usio na mlango, kikombe cha chai mkononi. Mama yake bado amelala, mdomo wazi kidogo, mkono juu ya ua lile. Chai ilikuwa imeshapoa. Mke wangu alikuwa analia bila sauti, na alinishika mkono bila kunitazama. Nilisimama naye. Sikusema lolote, na nadhani hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Saa mbili mama mkwe kaamka. Kitambaa chake cha kichwani kilinata kwenye ubao wa kichwani mwa kitanda, vanishi ilikuwa haijakauka sawasawa. Tumekivuta watatu. Mama mkwe kacheka mpaka akakaa chini. Ilibidi tumwinue, magoti yale.

Jumamosi, 27 Desemba

Mambo ni mazuri kupita kiasi. Mama mkwe kasema hajalala hivi tangu astaafu. Wakati wa chai katangaza kuwa mwaka mpya ataukaribisha hapahapa kwetu, na amewaita dada zake wawili na waume zao. Kisha kaangalia sebule. Kauliza kwa upole wageni watakalia nini, maana anaona stuli moja na mlango.

Nimemwambia viti sita vimeshatengenezwa siku nyingi.

Mke wangu kaweka kikombe chini. Kaniita kwa jina langu kamili. Nimesema natoka kidogo.

Seremala nimekutana naye katikati ya njia, alikuwa anakuja kwangu mbiombio. Amekubaliwa ukweni! Wameipenda suti mno. Kaka wanne wa mchumba walimuuliza fundi wake ni nani, naye kwa furaha kawaambia suti zao nne zimeshashonwa, wazifuate siku ya mwaka mpya. Nimempa hongera. Nimemweleza kuhusu viti. Kanipa pole.

Tumepeana mikono. Viti sita kwa suti nne, Jumatano asubuhi, bila kuzungushana. Nimemwomba aanze yeye. Kasema nianze mimi.