Friza ya Mama Mkwe

Jumapili, 2 Machi 2025
Kakuyuni, kwa wakwe. Baada ya chakula Mutuku, mwanyumba wangu aliyemwoa dada wa mke wangu, akasimama na kumwahidi mama mkwe tangi la maji. Makofi. Mengi mno kwa tangi. Nami nikasimama. Nikaahidi friza kubwa, pamoja na sola ya kuiendesha kwa kuwa stima haijafika kwake, auze barafu na juisi. Makofi maradufu. Nelly, mke wangu, hakupiga. Tulipofika nyumbani kwetu, mtaa wa Barani, Malindi, akauliza pesa nitatoa wapi. Nikamwonyesha kadi ya mkopo niliyopewa na benki. Akanikumbusha kikomo chake ni elfu hamsini. Nikamweleza kikomo ni makadirio tu, benki haijamjua mteja vizuri.

Jumatatu, 3 Machi
Duka la vyombo vya umeme, Malindi. Friza na sola, laki moja na elfu arobaini. Nimetoa kadi kwa utulivu. Mashine ikaikataa. Nikamwomba karani aipanguse. Akaipangusa. Ikakataliwa. Nikamwomba aiingize polepole. Mtu akakohoa nyuma yangu. Mutuku, amekuja kununua mabomba ya tangi lake. Akalipa taslimu, kisha akauliza kama nahitaji msaada. Nikamjibu kwamba naijaribu tu mashine yao.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga simu benki. Amepokea dada mmoja, Bridgit. Nikamweleza mimi ni msimamizi wa stoo katika hoteli kubwa ya ufuoni. Sikuona haja ya kutaja kwamba wageni wamepungua na mshahara pia. Akasema kikomo hakipandishwi kwa mteja mpya, ila benki huweza kuruhusu mtu akizidishe kidogo.
"Kidogo ni kiasi gani, dada?"
"Elfu tano, Bwana Laban. Na kuna ada."
Hilo la ada sikulisikia vizuri. Nilikuwa navaa viatu. Friza peke yake ni elfu hamsini na nne. Kadi imepita. Nimetoka dukani kama mwenye duka. Sola itafuata.

Alhamisi, 6 Machi
Pikapu imeifikisha friza Kakuyuni. Mutuku alikuwapo, tangi lake limeshajaa. Akaushika waya wa friza, akaufuata mpaka mwisho, akauliza unachomekwa wapi. Nikasema sola iko njiani. Watu wakatazama chini. Mama mkwe akainua kifuniko, akachungulia kwa muda mrefu.
"Mkwe wangu," akasema, "humu panya hawaingii."
Akamimina mahindi yake yote ndani, akafunga, akaniombea dua. Tangi halikuombewa dua. Ushindi, kwa kipimo chochote.

Jumatatu, 10 Machi
Ujumbe wa benki. Ada ya kuzidisha kikomo, juu yake riba, na kadi imefungwa mpaka nipunguze deni. Nelly aliusoma kabla yangu. Nilimwambia autazame upande mzuri: ni wateja wangapi Malindi hii wamewahi kuipita benki kwa elfu nne? Niliporudi kutoka kazini jioni, runinga yangu haikuwa ukutani. Ameiuza, pesa amezipeleka benki. Mnunuzi ni Mutuku. Kwa bei nzuri, naambiwa.

Jumapili, 16 Machi
Tumekwenda kwa Mutuku kutazama mpira katika runinga yangu. Mama mkwe naye amekuja. Wakati wa mapumziko Mutuku akatangaza kwamba atamwezekea nyumba kwa mabati. Nikanyamaza. Nelly akanishika mkono, akanitazama kwa upendo ambao sijauona tangu harusi. Lakini juzi kijana wa benki nyingine alipita hotelini akiandikisha watu kadi, nami nimetia sahihi. Kikomo elfu thelathini, kwa kuanzia. Basi nikasimama, nikaahidi vigae vya sakafu. Vigae halisi, nyumba nzima, mpaka jikoni. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mutuku akazima sauti ya runinga ili asikie vizuri. Nelly ametoka nje bila kuaga. Nadhani anafikiria rangi ya vigae.